Damu ya Pwani, Damu ya Ziwa

Mwaka 1949 msafara mdogo wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikwenda Mlima Kenya. Wenzake walipokuwa wakishughulika na mimea na wadudu, mwanafunzi mmoja wa udaktari, Anthony Allison, alikuwa na kazi nyingine: kuzunguka Kenya akiwatoa watu damu. Nchi haikuwa ngeni kwake. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa kwenye shamba katika Bonde la Ufa, upande wa Ziwa Elmenteita. Alitaka kujua makundi ya damu yanasema nini kuhusu asili ya watu wa Kenya, na katika vipimo vyake akaongeza kimoja kidogo: kulinyima tone la damu oksijeni, kisha kuangalia kwa hadubini kama chembe nyekundu zinapinda na kuchongoka.

Kipimo hicho cha nyongeza ndicho kilichokuja kumpa jina. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu 1 katika kila 5 alikuwa na chembe zinazopinda. Nyanda za juu hakupatikana hata 1 katika 100. Watu wa pwani na Wajaluo wa ziwani hawana lugha moja wala asili moja. Walichoshiriki ni joto, maji na mbu.

Kilichomshangaza Allison kinaeleweka ukijua ugonjwa unaotokana na chembe hizo, yaani selimundu. Aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu huishi kama watu wengine. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia huugua: maumivu makali ya mifupa yanayokuja na kuondoka, upungufu wa damu, macho ya manjano, kichomi, hata kiharusi angali mtoto. Zama zile, wengi wa watoto hao barani Afrika walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa, na kila mmoja aliondoka na nakala mbili za jeni hiyo. Kwa hesabu hiyo jeni ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi mpaka iishe. Badala yake ilikuwa imejaa. Mwaka huohuo wa 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper waliripoti kwamba kwa Wabaamba wa Bwamba, magharibi ya Uganda, asilimia 45 ya waliopimwa walikuwa nayo.

Allison alikisia kwamba jeni inayoua ikiwa mbili inamkinga mtu na malaria ikiwa moja. Alimaliza kwanza masomo yake ya udaktari, kisha mwaka 1953 akarudi kuhakikisha. Katika Buganda alipima watoto 290. Kati ya 43 waliobeba jeni moja, 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani asilimia 28. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikuwa 113, yaani asilimia 46. Nairobi alikwenda mbali zaidi. Wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Wasio nayo waliopata vimelea walikuwa 14, wenye nayo wawili tu. Jaribio hilo lilikata shauri, lakini mimi siwezi kulisoma bila kufikiria hali ya wakati ule: Kenya ya kikoloni, katika miaka ya hali ya hatari, Mwafrika akiombwa na daktari Mzungu akubali kuugua. Historia ya tiba imehifadhi jina la mtafiti, na wale 30 tunawajua kwa idadi tu, ingawa miili yao ndiyo iliyotoa jibu.

Hatimaye Allison na wenzake walipima watu karibu 5,000 katika Uganda, Kenya na Tanganyika. Palipokuwa na malaria mwaka mzima, jeni ilikuwa nyingi, kwingine ikifikia asilimia 40. Palipokuwa na baridi au ukame, ilikuwa adimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, yakawa mfano wa kwanza ulio wazi wa maradhi kuchonga urithi wa binadamu. Hivyo ramani ya kwanza ya jeni hii ilichorwa juu ya ardhi yetu, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kujua imekaa wapi ndani ya mwili. Nalisisitiza hilo kwa sababu historia ya ramani ya jeni huanza kusimuliwa kwa mashine za Marekani, na sehemu hii husahaulika.

Kwa daktari wa Ulaya na Marekani ugonjwa ulianza kuandikwa mwaka 1910, pale James Herrick wa Chicago alipoeleza chembe ndefu, zilizopinda kama mundu, katika damu ya kijana wa kisiwa cha Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Mwaka 1949, uleule wa msafara wa Allison, mkemia Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba hemoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, ya wagonjwa hawa haitembei katika umeme kama ya watu wengine. Tatizo lilikuwa ndani ya protini yenyewe. Miaka michache baadaye, Cambridge, Vernon Ingram aliikatakata protini hiyo, akatandaza vipande vyake kwenye karatasi na kuvilinganisha na vya mtu mzima wa afya. Vyote vilifanana isipokuwa kimoja. Mwaka 1957 alitaja kosa lenyewe: katika uzi wa asidi amino 146, ya sita imebadilika, valini imekaa mahali pa asidi glutamiki. Badiliko hilo moja linatosha kuzifanya hemoglobini zishikamane pindi oksijeni inapopungua, chembe ikakakamaa, ikaziba mshipa mwembamba, na mtoto akalia usiku kucha akishika mguu.

Basi kosa lilijulikana, lakini anwani yake haikujulikana. Wakati huo hata idadi ya kromosomu za binadamu, nyuzi zinazobeba jeni, ilikuwa ndiyo kwanza isahihishwe. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu vilifundisha kwamba ni 48. Desemba 1955 huko Lund, Sweden, Joe Hin Tjio alizihesabu upya katika chembe zilizotandazwa vizuri, akapata 46. Jeni chache zilikwisha kuwekwa kwenye kromosomu X, kwa kuwa maradhi yake huwapata wavulana zaidi na hivyo hujifichua. Kwa jozi nyingine 22 za kromosomu hakukuwa na chochote mpaka mwaka 1968, pale Roger Donahue, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alipoangalia kromosomu zake mwenyewe na kuona kwamba moja ya zile za namba 1 ina sehemu iliyolegea. Akawapima ndugu zake. Sehemu ile iliyolegea ilirithiwa pamoja na kundi la damu liitwalo Duffy, na hivyo jeni ya Duffy ikapewa makao kwenye kromosomu 1.

Hapa malaria inaingia tena. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walieleza kwamba mtu asiye na alama ya Duffy kwenye chembe zake nyekundu hukingwa na malaria ya aina ya vivax, kwa sababu kimelea hicho huhitaji alama hiyo ili kuingia. Waafrika wengi walio kusini mwa Sahara hawana alama hiyo. Jeni ya kwanza kupata makao nje ya X, na jeni iliyofundisha jinsi protini inavyoharibika, zote mbili zilikuwa na alama za mbu wa Afrika.

Miaka ya 1970 wataalamu walikuwa wakiunganisha chembe za mtu na za panya kwenye sahani za maabara. Chembe hizo mseto hupoteza kromosomu za mtu moja baada ya nyingine, kwa hiyo ukiona jeni imepotea pamoja na kromosomu fulani, umejua ilipokaa. Kwa njia hiyo jeni ya beta-globini, ile inayoharibika katika selimundu, iliwekwa kwenye kromosomu 11 mwaka 1978.

Mwaka huohuo, San Francisco, Yuet Wai Kan, daktari mzaliwa wa Hong Kong, na mwenzake Andrée Dozy walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo mlango wa enzi nzima. Walitumia kimeng'enya kinachokata DNA kila kinapokuta mfuatano fulani wa herufi. Kwa watu wengi, kipande chenye jeni ya beta-globini kilitoka na urefu wa herufi 7,600. Kwa Wamarekani weusi wenye selimundu, mara nyingi kilitoka na urefu wa 13,000. Badiliko lililorefusha kipande halikuwa ndani ya jeni. Lilikuwa jirani, nje kidogo, wala halikumdhuru mtu. Lakini kwa kuwa lilikaa karibu, lilirithiwa pamoja na jeni mbovu. Ni kama safarini: basi likiharibika Chalinze na abiria wakagawanywa kwenye magari mawili, waliokaa kiti kimoja huondoka pamoja mara nyingi kuliko aliyekaa mbele na aliyekaa nyuma kabisa. DNA nayo hugawanywa na kuunganishwa upya kila yai na kila mbegu ya uzazi inapotengenezwa, na vilivyo karibu huandamana. Ukimfuata jirani, utamfikia mwenyewe.

Kwa Kan jambo hili lilikuwa la hospitali. Kabla ya hapo, kujua kama mimba ina selimundu kulihitaji kuchukua damu ya mtoto aliye tumboni, kazi ya hatari. Sasa chembe chache kutoka katika maji ya uzazi zilitosha. Kwa wengine lilikuwa wazo kubwa zaidi. Mwaka 1980 David Botstein, Raymond White, Mark Skolnick na Ronald Davis waliandika kwamba alama kama ile zipo kila mahali, na kwamba zikipatikana 150 hivi zilizosambaa vizuri, jeni ya ugonjwa wowote wa kurithi inaweza kutafutwa hata kama hakuna ajuaye inafanya kazi gani.

Waliolijaribu wazo hilo kwa mara ya kwanza walikwenda kwenye vijiji maskini vya wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Huko ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole kuanzia makamo, ulikuwa umeenea katika ukoo mkubwa ajabu. Nancy Wexler, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye mama yake aliugua ugonjwa huo, alirudi huko mwaka baada ya mwaka, akaandika nasaba ya watu zaidi ya 18,000 na kukusanya sampuli za damu zipatazo 4,000. Sampuli zilipelekwa kwa James Gusella huko Boston. Wengi walitarajia kazi ya miaka mingi, lakini mwaka 1983 mojawapo ya alama za kwanza alizojaribu ilionekana kuandamana na ugonjwa, kwenye kromosomu 4. Kutoka jirani hadi jeni yenyewe kulichukua miaka 10 mingine, mpaka 1993. Kipimo kilipatikana. Tiba ya kuuzuia ugonjwa haikupatikana. Watu wengi walio katika hatari wameamua kutopima kabisa, na anayewaona kuwa wajinga hajakaa na swali hilo usiku. Wexler mwenyewe alitangaza mwaka 2020 kwamba naye anaugua.

Baada ya alama ile ya 1983 mambo yalikwenda kasi. Jeni ya ugonjwa wa mapafu na kongosho uitwao saistiki faibrosisi, kwenye kromosomu 7, ilipatikana mwaka 1989. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kwamba saratani ya matiti inayorithiwa katika baadhi ya familia inatoka kwenye kromosomu 17, na leo mwanamke wa familia hiyo anaweza kupimwa na kuchunguzwa mapema. Mbinu ya kunakili DNA iitwayo PCR, ambayo Waafrika Mashariki wengi walilijua jina lake wakati wa korona, ilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 1985, na ugonjwa uliotumika kuionyesha ulikuwa selimundu. Mradi mkubwa wa kusoma DNA yote ya binadamu, herufi zipatazo bilioni 3, ulianza mwaka 1990 kwa makadirio ya dola bilioni 3 na kutangazwa kukamilika Aprili 2003, ingawa sehemu ngumu, kiasi cha asilimia 8, zilisubiri hadi 2022. Binadamu alidhaniwa kuwa na jeni 100,000. Zinazotengeneza protini zikaonekana kuwa kama 20,000.

Ramani ya mtu mmoja haitoshi, kwa kuwa watu wanatofautiana, na Waafrika wanatofautiana kuliko wote. Miradi iliyofuata ilichukua damu kutoka sehemu kadhaa za dunia, na miongoni mwazo kulikuwa na Waluhya wa Webuye na Wamasai wa Kinyawa, nchini Kenya. Mtafiti yeyote duniani anayelinganisha DNA za watu leo huenda ameitumia damu ya Webuye bila kujua Webuye iko wapi.

Ramani hizo zilirudisha watafiti kwenye selimundu kwa njia ambayo hawakuitazamia. Wakiangalia alama zinazoizunguka jeni, walikuta zimejipanga kwa mifumo michache, wakaipa majina ya mahali: Senegal, Benin, Kamerun, Bantu, na Arabu-Hindi. Mfumo wa Bantu ndio uliotawala kwetu. Oman kuna mfumo wa Arabu-Hindi, wa Bantu na wa Benin pamoja, kumbukumbu iliyobaki katika damu ya karne za majahazi, ndoa na biashara ya utumwa. Wapo waliodhani jeni ilizuka mara kadhaa, lakini mwaka 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walitoa hoja yenye nguvu kwamba ilizuka mara moja tu, kiasi cha miaka 7,300 iliyopita.

Jambo la kitabibu lilikuwa hili: wenye mfumo wa Arabu-Hindi kwa kawaida huugua kwa nafuu zaidi. Damu yao ina hemoglobini nyingi ya kitoto, ile ambayo mtoto huitumia akiwa tumboni na kuiacha miezi michache baada ya kuzaliwa. Mwaka 1948 Janet Watson, daktari wa watoto huko Brooklyn, alikuwa tayari ameeleza kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaumwi mpaka hemoglobini hiyo ipungue. Ni nini basi kinachoizima? Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliolinganisha DNA za watu wengi, wakiwemo wa kisiwa cha Sardinia, walikuta alama kwenye kromosomu 2, katika jeni iitwayo BCL11A. Stuart Orkin na Vijay Sankaran wa Boston wakathibitisha kwamba hiyo ndiyo swichi. Hakuna mtu angeitafuta huko, kwa kuwa beta-globini iko kwenye kromosomu 11. Ramani ndiyo iliyowaelekeza.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba iitwayo Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Chembe mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, swichi ya BCL11A hukatwa kwa CRISPR, mkasi wa kukata DNA, mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho wake, kisha chembe zake hurudishwa. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha kabla ya kibali cha Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Ni ushindi mkubwa, na nausema bila kusita. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania peke yake hukadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Kwa watoto hao njia zipo, nazo ni za bei ya chini. Muhimbili, Dar es Salaam, tangu 2004 Julie Makani na wenzake wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa na kuonyesha wanaumwa nini hasa na wanakufa kwa nini. Penisilini ya kila siku, iliyothibitishwa Marekani mwaka 1986, huzuia maambukizi yanayoua watoto wadogo. Dawa ya vidonge ya haidroksiyurea huamsha hemoglobini ya kitoto, lakini madaktari wengi waliogopa kuitumia penye malaria, kwa kuwa hupunguza chembe nyeupe. Utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, uliondoa hofu hiyo: watoto 606 waliopewa dawa walipata maumivu machache, kuongezewa damu mara chache, malaria kidogo zaidi, na vifo vilipungua. Na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye ndugu wanaolingana nao. Ulinganifu huo nao husomwa kwenye jeni, zile za kromosomu 6.

Dawa ya shilingi kidogo haimfikii mtoto ambaye hakuna aliyejua anaumwa, na hapo ndipo ramani ya Allison, ile ya juu ya ardhi, inapohitajika upya. Uganda walilitambua hilo. Maabara kuu ya afya ya umma mjini Kampala ilikuwa na matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokusanywa nchi nzima ili kupima watoto VVU. Kati ya 2014 na 2015 matone ya watoto 97,631 yalipimwa tena, safari hii kwa selimundu. Wabebaji walikuwa asilimia 13.3, wagonjwa asilimia 0.7. Kusini magharibi, kwenye milima, wabebaji walikuwa asilimia 4.6. Mashariki ya kati, upande wa Busoga, walikuwa asilimia 19.8. Kwa mara ya kwanza serikali ilijua, wilaya kwa wilaya, watoto wake wanaougua wako wapi, na upimaji wa watoto wachanga ukaanzia kwenye wilaya zenye mzigo mkubwa: tone la damu ya kisigino, jibu, na mtoto kuanzishiwa penisilini kabla homa ya kwanza haijamfika.